SAKAFU YA JASI: IMWAGWE WAPI?



Wengi wetu hapa Biryogo, Kigali, twaijua jasi, au jipsamu, kwenye dari tu. Lakini Ulaya na Marekani humiminwa pia sakafuni, hasa katika maghorofa. Anayejenga kwa akiba ya mshahara yafaa aijue kabla hajaambiwa ainunue, maana ikiwekwa mahali pasipofaa fedha zimepotea.

Jasi ni jiwe laini. Likichomwa kwa joto la kadiri ya digrii 150, hutoa sehemu kubwa ya maji yaliyomo, kisha huwa unga. Unga huo ukitiwa maji na mchanga hutiririka kama uji, hujisawazisha, na baada ya saa chache hurudi kuwa jiwe. Ndani ya jasi yenyewe mna maji kama sehemu moja ya tano ya uzito wake, kwa hiyo moto ukiwaka ghorofa ya chini, walio juu hupata nafasi ya kutoka.

Lakini hilo ni tabaka la kukaa chini ya makaro au zulia. Likiachwa wazi hukwanguka, na likilowa mara kwa mara hulainika. Nyumba zetu nyingi zimekaa juu ya udongo, na unyevu hupanda, zaidi katika mvua za Machi hadi Mei. Humo, na bafuni, na uani, simenti ndiyo ifaayo.

Sasa nasema na waashi na mayede. Jasi hukauka juu upesi, ndani bado mbichi. Mafundi wa Ulaya huhesabu siku moja kwa kila milimita, hewa ikiwa kavu. Tabaka la sentimita 4 ni kama siku 40. Bwana mkubwa hapendi kusikia hivyo! Husema, "Panaonekana pakavu, bandikeni." Makaro yakinyanyuka, anayekatwa mshahara ni fundi.

Jaribio ni rahisi. Bandika karatasi ya plastiki sakafuni, uzibe kingo zote kwa utepe, uache siku nzima. Ukikuta matone au sakafu imekuwa nyeusi, ngojeni.

Tena, msipake simenti ya makaro moja kwa moja juu ya jasi. Ni kweli kiwandani simenti yenyewe hutiwa jasi kidogo ili isigande upesi. Lakini jasi nyingi ikikutana na simenti penye unyevu, hufanyika chumvi inayovimba na kubandua makaro. Lazima kwanza ipakwe dawa ya kuzitenganisha.

Unga wa jasi hauunguzi ngozi kama simenti mbichi, ila vumbi lake ni baya kwa macho na kifua. Sheria ya kazi ya Rwanda Na. 66/2018 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Vidaini kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa, na siku ya kumimina mwandike tarehe, msimamizi aitie sahihi.