Daraja la Tatu Halikuwa na Orodha

Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa karibu kufika Mwanza, orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilionyesha watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo maana hadi leo idadi ya marehemu hubishaniwa, ingawa makaburi yao yapo Igoma, si mbali na hapa Buzuruga.

Mwaka huo huo, huko San Francisco, Marekani, Brewster Kahle alianzisha Internet Archive, hifadhi ya kurasa za intaneti. Programu zake huzunguka mitandaoni, zikinakili kurasa na kuzitia tarehe. Maktaba ya Iskandaria, Misri, ilipokea nakala mwaka 2002, na mwaka 2025 hifadhi ilitangaza kufikisha kurasa trilioni moja. Hakuna atakayeishi umri wa kuzisoma. Mwanahistoria wa kesho ataiagiza kompyuta imkusanyie kila palipotajwa Mwanza, kisha aulize waliyouliza wanazuoni wa hadithi: nani kasema, kapokea kwa nani, lini? Ukurasa uliorekebishwa mara tano una kauli tano. Aliyesoma isnadi hatakuwa mgeni hapo.

Lakini atatuona sisi? Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, taarifa za vyombo vya habari zilibaki kwenye tovuti. Majina, sauti na dua ambazo familia zilipelekeana zilipita WhatsApp, na huko programu za hifadhi haziingii. Ndiko pia yaliko matangazo yetu ya misiba, ndoa na michango ya madrasa. Simu ikiibwa, yamekwenda. Katika hifadhi hiyo kubwa, misikiti ya mitaani ndiyo daraja la tatu.

Sisemi kila jambo lianikwe. Anayepokea zaka ana haki ya stara, na jina lake lisitoke nje ya kamati. Ila ndoa, maziko, walimu wa madrasa na mihtasari ya vikao viandikwe daftarini kwa tarehe ya Hijria na ya Miladia, pamoja na jina la mwandishi na la aliyetoa habari. Kila Muharram daftari lipigwe picha, na nakala moja ikae nyumba nyingine, maana mchwa hawachagui kitabu.