Nyumba Njema Si Mlango: Namna ya Kuikagua Nyumba ya Mawe ya Kale

Watu wa pwani wana methali isemayo, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Kwa kawaida hutumiwa kumwonya mtu asidanganyike na sura ya mwenziwe. Lakini mwenye kutaka kununua nyumba ya kale katika Mji Mkongwe wa Unguja yampasa kuishika kama ilivyo, neno kwa neno. Na kwa kuwa walimu na mapadre huombwa shauri na watu waliodunduliza fedha zao miaka mingi, tumeona yafaa kueleza hapa jinsi nyumba hizo zinavyokaguliwa, pamoja na maneno ya waashi yahusuyo kazi hiyo.

Mlango wa nakshi ndio fahari ya nyumba. Fundi alionyesha ustadi wake katika miimo, katika kizingiti cha juu, na katika mfaa, yaani ule mti wa kati ufunikao mahali mbao mbili zinapokutana. Lakini nyumba haisimami kwa mlango. Tena mlango waweza kung'olewa, ukauzwa, ukatiwa penginepo. Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa na milango ya nakshi iliyosifiwa na wageni wote. Hata hivyo tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka, na watu wakafa.

Tutazame kwanza nyumba imejengwaje. Ukuta ni wa mawe ya mwamba wa pwani, yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa, na unene wake hupata nusu mita au kuzidi. Juu yake hulazwa boriti za mikoko. Boriti hizo hazifai kuvuka nafasi kubwa, na ndiyo sababu vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake kama mita 2 na nusu au 3. Juu ya boriti hupangwa mawe, hasa matumbawe kwa kuwa ni mepesi, kisha hutiwa chokaa na kokoto. Zamani watu walikusanyika kuipigilia sakafu hiyo kwa vipande vya miti, huku wakiimba, mpaka ikakaza.

Adui wa nyumba ya namna hii ni maji. Basi mkaguzi na aanze juu, ashuke chini, kwa njia ile ile wapitayo maji. Na wakati ulio bora ni mara baada ya mvua kubwa ya masika. Atazame paa la bati, kama lipo, na mlizamu, yaani mfereji wa kuyatoa maji nje. Mlizamu ulioziba ni kitu kidogo, lakini waweza kuulowesha ukuta mzima mwaka baada ya mwaka.

Kisha atazame boriti, hasa pale zinapoingia ukutani, kwani huko ndiko kuoza na mchwa huanzia. Azipige kwa kigongo: iliyo nzima hulia kwa sauti kali, iliyooza hutoa sauti ya mvungu. Ncha ya kisu ikizama bila taabu, boriti hiyo haina kazi tena, hata ikiwa imepakwa rangi nzuri.

Ukuta nao una lugha yake. Ufa mwembamba ulio katika lipu tu si neno. Ufa unaopenya ukuta ni jambo jingine: na upakwe chokaa kidogo, iandikwe tarehe, na chokaa hiyo ikipasuka, ukuta ungali unakwenda. Ukuta una nyuso mbili, na kati yake kifusi. Maji yakiingia katikati, nyuso huachana, na ukuta hufanya tumbo. Tumbo hilo huonekana kwa timazi, wala si kwa jicho peke yake.

Wengi hudanganyika na lipu mpya ya saruji. Chokaa huuacha unyevu upandao kutoka ardhini utoke nje, saruji huuzuia. Basi unyevu hubaki ndani pamoja na chumvi yake, ukiila chokaa ya kale na vichwa vya boriti. Ukiona lipu ya saruji chini ya ukuta, na juu yake unga mweupe wa chumvi au rangi inayobambuka, ujue ugonjwa umefunikwa, haukuponywa.

Wala usiitazame nyumba moja tu. Katika mji huu nyumba huegemeana, na jirani akianguka huenda akaivuta yako. Waulize wazee wa mtaa maji hupita wapi, na nyumba ya pili ina mwenyewe au imeachwa.

Mwisho ni hati. Nyumba nyingi ni wakfu, na wakfu hauuzwi. Nyingine zilitwaliwa na serikali baada ya mapinduzi ya 1964. Nyingine zina warithi wengi ambao mmoja wao hawezi kuuza peke yake. Tena mji mzima uliandikwa mwaka 2000 katika urithi wa dunia, na mwenye kutaka kubomoa au kubadili jengo hana budi kwanza kuomba ruhusa kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985.

Basi mtu akija kuuliza shauri, tusimwambie kwamba nyumba ya kale ni mzigo, kwani kuta zake nene huzuia joto, na ikitunzwa kwa chokaa na mlizamu safi hudumu vizazi vingi. Tumwambie amchukue mwashi ajuaye chokaa kabla ya kutoa fedha, na ahesabu gharama ya kutengeneza pamoja na bei ya kununua. Wazee walisema pia, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Anunuaye nyumba ya kale hununua na nyufa zake, heri azijue zote kabla ya kupokea ufunguo.