Televisheni ya Chogo: Hata Ikizimwa, Bado ni Hatari

Siku hizi vijiji vingi vina banda la kuonyeshea mpira na sinema. Katika baadhi ya mabanda bado kuna televisheni za zamani, zenye mgongo mrefu nyuma. Watu huziita televisheni za chogo. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na Tanzania Bara mwaka 1994. Kwa miaka mingi tuliijua aina hii ya chogo tu. Sasa zinazeeka, na wenye mabanda wanaweka televisheni bapa mahali pake.

Kazi ya kuitoa ile ya zamani inaonekana ni rahisi. Lakini ndani yake mna hatari tatu. Tuzieleze moja moja.

Hatari ya kwanza ni umeme uliobaki

Ndani ya chogo kuna chupa kubwa ya kioo. Umeme wa nyumbani una volti 230. Lakini televisheni ya rangi inapowaka, chupa hiyo hupata umeme wa volti 20,000 au zaidi. Umeme huo hupita katika waya mnene. Mwisho wa waya huo kuna kikombe cha mpira kilichobanwa ubavuni mwa chupa.

Ukichomoa plagi ukutani, umeme huo hautoki wote mara moja. Chupa huutunza, kama mtungi unavyotunza maji. Unaweza kubaki kwa saa nyingi, hata kwa siku kadhaa. Kwa hiyo usiseme, "Nimechomoa jana, leo ni salama." Mtu akipenyeza kidole chini ya kikombe kile, anaweza kupigwa na umeme. Atashtuka na kutupa mikono. Kama amebeba chupa, itamponyoka.

Hatari ya pili ni kupasuka

Chupa hii haina hewa ndani. Hewa ya nje huikandamiza pande zote kwa nguvu nyingi. Ikipasuka, vioo huvutwa ndani kwa ghafla, kisha hurukia watu. Vinaweza kupofusha macho na kukata mishipa ya damu. Sehemu dhaifu kuliko zote ni shingo yake nyembamba iliyo nyuma.

Hatari ya tatu ni sumu

Kioo cha chupa hii kimechanganywa na madini ya risasi. Chupa moja inaweza kuwa na kilo moja au zaidi ya risasi. Kioo kikiwa kizima, hakidhuru. Kikivunjwa, vumbi lake huingia mikononi, kwenye chakula na kwenye udongo. Watoto ndio huumia zaidi, kwa sababu hucheza chini na kutia vidole mdomoni. Risasi huharibu ubongo wa mtoto. Hujifunza kwa shida, na ubongo ulioharibika haurudi kama zamani.

Kuna watu wanaovunja chupa hizi ili wapate nyaya za shaba na kuziuza. Wengine huchoma nyaya hizo, na moshi wake ni sumu pia. Fedha inayopatikana ni ndogo. Hasara ya mtoto mmoja ni kubwa mno.

Tufanye nini?

1. Zima televisheni, kisha chomoa plagi. Kama kuna jenereta, izime pia.
2. Usifungue kifuniko cha nyuma. Toa televisheni nzima na sanduku lake.
3. Ondoa watoto, na fagia njia mtakayopita.
4. Bebeni watu wawili. Televisheni kubwa ina uzito wa kilo 30 au zaidi, na uzito mwingi uko mbele. Kioo cha mbele kielekee kifuani. Kunjeni magoti, msipinde mgongo.
5. Vaeni viatu vilivyofunika miguu.
6. Kama ni lazima kufungua, mwite fundi wa televisheni. Yeye hutoa umeme uliobaki kwa kifaa chenye mpini usiopitisha umeme, kilichofungwa waya unaokwenda kwenye fremu ya chuma. Hurudia, kwa sababu umeme huweza kujirudia. Asiye fundi asijaribu.
7. Televisheni iliyokufa iwekwe nzima mahali pakavu, mbali na watoto. Uliza halmashauri mahali pa kuipeleka. Usiitupe kisimani, mtoni wala shambani.

Ajali ikitokea

Mtu akishikwa na umeme, usimguse. Zima umeme kwanza. Ukishindwa kuzima umeme wa nyumbani, msukume kwa mti mkavu. Mpeleke zahanati upesi, hata kama anasema hajambo. Kama hapumui, anayejua kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua aanze papo hapo.

Aliyekatwa na kioo, bana jeraha kwa kitambaa safi. Kioo kilichozama ndani usikichomoe. Mwachie mganga.

Ndugu msomaji, mwenye banda akiitoa televisheni yake kwa haraka, anaweza kuokoa saa moja na kupoteza jicho. Aanze kwa kuchomoa plagi, na amwite fundi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini televisheni iliyochomolewa jana bado ni hatari?
2. Kwa nini tusivunje chupa yake ili tupate shaba?
3. Katika kijiji chetu, televisheni mbovu zinawekwa wapi? Je, watoto huzifikia?