Punda Anayevuja Mate Shavuni

Bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay, si mahali pa kufuga farasi. Mbung'o wa huko, kandokando ya Mbuga ya Ruma, hueneza nagana, na farasi akiipata mara nyingi haponi. Punda huivumilia zaidi. Ndiye anayebeba mitungi ya maji kutoka ziwani na kuvuta mikokoteni hadi Migori. Basi upasuaji wa mrija wa mate, ambao vitabu vya tiba huueleza kwa farasi, huku hufanyiwa punda.

Seng'enge humkata kwenye ukingo wa taya. Kidonda ni kidogo, kinapakwa dawa, kinaanza kukauka. Kisha punda anapewa majani, na maji maangavu yanaruka shavuni kama kwenye mpira uliotoboka. Akiacha kutafuna, yanakata. Huo si usaha. Usaha hausubiri chakula. Ni mate, na farasi mzima hutoa takriban lita 35 hadi 40 kwa siku.

Tezi kubwa ya mate iko chini ya sikio. Mrija wake hupita upande wa ndani wa taya, ukazunguka ukingo wa chini pamoja na mshipa ule daktari anaoushika kupima mapigo, ukapanda shavuni na kufungukia mdomoni karibu na gego la tatu la juu. Pale ukingoni haujakingwa na chochote cha maana.

Jeraha likiwa bichi, daktari hupitisha kamba nyembamba ya plastiki ndani ya mrija, akaziunganisha ncha mbili kwa uzi mwembamba unaoyeyuka, na kuiacha hadi mrija upone. Likichelewa, tundu hugeuka fistula, yaani njia ya kudumu ya kuvuja, na ncha huzibwa na kovu. Hapo hubaki kuufunga mrija au kuiua tezi kwa dawa ya fomalini; tezi nyingine huendelea na kazi. Kwangu mimi, kwa punda wa kijijini, kuiua tezi si kushindwa: anarudi kula na kufanya kazi.

Mawe ya chokaa yanayojijenga ndani nayo huziba mrija huo. Hayo hutolewa kwa kupasua ndani ya mdomo, ili mate yakivuja yaingie kinywani.

Ukiona shavu la punda linalowa anapokula, usipake majivu wala oili chafu. Osha kwa maji safi, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na umwombe kinga ya pepopunda: farasi na punda hudhurika na ugonjwa huo kuliko mifugo wengine.