Paka abaki au aondoke: hesabu ya nyumba yenye mtu wa mzio

Hapa kwetu Moa, pwani ya Tanga, paka hagharimu chakula. Vichwa na matumbo ya samaki yanayobaki dikoni yanamshibisha, naye hulipa kwa kulinda dagaa, mahindi na nyavu zisitafunwe na panya. Gharama huanza pale mtu wa nyumbani anapoamka kila siku akipiga chafya, macho yanamwasha, au kifua cha mtoto kinalia usiku. Hapo kila mtu huja na dawa yake, na pesa hutoka kabla nyumba haijajua inapambana na nini.

Manyoya yanasingiziwa. Kinacholeta mzio ni protini inayotoka kwenye mate na tezi za ngozi ya paka. Wataalamu huiita Fel d 1. Paka akijilamba huipaka mwili mzima, ikikauka hupeperuka na vumbi jepesi sana, kisha hunata kwenye godoro, pazia na kanga. Ndiyo maana hata paka asiye na manyoya, kama yule anayeitwa Sphynx, huwasumbua wenye mzio. Anayekuuzia kwa bei kubwa paka “asiye na mzio” anakuuzia kitu kisichokuwapo.

Lakini paka naye anaweza kuwa amesingiziwa. Pwani yetu ina unyevu mwaka mzima, na unyevu ndio maisha ya utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaokaa kwenye magodoro na mito. Kinyesi chao huleta chafya zilezile, na mende vilevile. Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwa daktari, awe wa kituo cha afya au wa hospitali ya Bombo, Tanga mjini. Mweleze dalili huja saa ngapi, chumba gani, na kama huzidi wakati wa masika, madirisha yanapofungwa na paka naye amekimbilia ndani.

Dawa ya mzio ndiyo matumizi madogo kuliko yote. Setirizini au loratadini, vidonge kumi, huuzwa kwa bei isiyofika ya kilo ya samaki, na kwa kawaida kidonge kimoja kwa siku humtosha mtu mzima. Piriton inajulikana zaidi, lakini inalaza. Mvuvi anayetoka na ngalawa usiku kufuata dagaa asiimeze kabla ya kazi, hata kama ndiyo iliyo karibu. Kidonge, hata hivyo, hutuliza tu. Kitu kinachomsumbua mtu kinabaki palepale kwenye mto wake.

Pumu ni hesabu nyingine kabisa, na hapa sitaki mtu abane matumizi. Kifua kinacholia na pumzi inayokata havitibiwi kwa vidonge vya mafua. Mgonjwa anahitaji dawa ya kuvuta: salbutamoli ya kufungua kifua kinapobana na, kama daktari ataona inafaa, nyingine ya kila siku ya kuzuia kisibane. Bei yake inazidi ya vidonge mara kadhaa. Penye nafuu ni kwenye kile chombo cha kumsaidia mtoto kuvuta. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa kitakoni, dawa ikaingizwa hapo na pembeni pakazibwa vizuri, iliwafaa watoto waliobanwa na pumu sawa na chombo cha kiwandani. Mwombe mhudumu wa afya akuonyeshe namna ya kuitengeneza.

Sasa mashine za kusafisha hewa, ambazo jamaa wa mjini wanapenda kuzishauri. Bei yake ni laki kadhaa, na chujio hubadilishwa kila baada ya muda. Umeme nao una hesabu yake. Mashine ya wati 40 ikiwaka usiku na mchana hula karibu yuniti moja kwa siku, yaani 30 kwa mwezi. Mteja mdogo wa TANESCO hulipa shilingi 100 kwa yuniti, kabla ya kodi, mradi asivuke yuniti 75. Akivuka, kila yuniti ya ziada ni 350. Nyumba iliyokuwa ikitumia 55 itafika 85, na nyongeza hiyo peke yake ni shilingi 5,500. Na yote haya kwa nyumba gani? Mashine hizi zilitengenezwa kwa ajili ya vyumba vilivyofungwa. Nyumba ya Moa ina uwazi chini ya paa, na kusi ikivuma hewa yote ya sebuleni hubadilika bila kulipiwa senti. Mimi nisingenunua.

Pesa hizo ningezipeleka kitandani. Mtu hukaa saa saba, nane, uso wake ukiwa umelala kwenye mto, na paka naye hupenda palepale. Mlango wa chumba ufungwe mchana kutwa, paka asiingie hata mara moja. Hilo ni bure. Kisha nunua plastiki au kitambaa kizito cha kuvika godoro lote, ushone zipu. Mto wa sufi wa zamani utupwe. Shuka zifuliwe kila wiki: kwa mzio wa paka, sabuni na maji mengi ya baridi huondoa sehemu kubwa, kama shida ni utitiri, maji yawe ya moto wa nyuzi 60, na hapo mkaa utaingia kwenye hesabu. Sisi tuna bahati ya sakafu za saruji na mikeka ya ukindu, ambayo hutolewa nje, ikafutwa kwa kitambaa chenye maji na kuanikwa. Anayefikiria zulia au makochi ya kitambaa huku nyumbani kuna mtu wa mzio, aahirishe.

Kumwogesha paka husaidia kwa siku chache tu, na itabidi urudie kila mara, mikwaruzo juu. Kuna chakula cha kiwandani kilichotoka 2020, LiveClear, kinachopunguza nguvu ya ile protini kwenye mate, karibu nusu kwa wastani kuanzia wiki ya tatu. Sharti lake ni paka akile kila siku. Paka wa Moa atapita dikoni, na hela yako itakuwa imekwenda. Kuhasi kuna maana zaidi, maana dume asiyehasiwa hutoa protini hiyo kwa wingi kuliko aliyehasiwa, na kunalipiwa mara moja tu. Ulizia kwa ofisa mifugo; akija kwa safari moja kuhasi paka wa nyumba kadhaa, mtagawana nauli yake.

Mtoto akiendelea kubanwa na pumu baada ya haya yote, paka aondoke. Nasema hivyo nikijua maana yake. Panya watarudi, na mkojo wa panya nao huamsha pumu. Mkoa huuhuu, kule Lushoto, tauni inayoenezwa na viroboto wa panya ilianza kuua watu mwaka 1980. Kwa hiyo bei ya kumwondoa paka ni pamoja na mitego, madebe yenye vifuniko vya kuwekea nafaka, na kuziba matundu. Sumu ya panya ningeiacha kabisa penye watoto na kuku. Wala paka asitupwe porini. Waislamu wa pwani wanajua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila chakula. Jirani mwenye ghala au anayeanika dagaa atampokea kwa furaha.

Na paka akishakwenda, usitegemee nafuu wiki ileile. Kile alichokiacha hukaa ndani miezi minne hadi sita kama hakijaoshwa. Fua mapazia, futa kuta kwa maji, paka chokaa, na dawa ya mtoto isikatishwe mpaka daktari aseme.