Mtihani wa Wahandisi wa Wingu: Maneno Ambayo Kikundi Kinafaa Kuyaelewa

Siku hizi ombi la mkopo likiletwa mbele ya kikundi si la mbuzi wa maziwa au la karo peke yake. Wako vijana wetu waliosomea kompyuta ambao wanaomba kikundi kiwalipie mtihani unaoitwa Professional Cloud DevOps Engineer, unaotolewa na kampuni ya Google ya Marekani. Ada yake ni dola 200, na kodi juu yake. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 130, hizo ni shilingi 26,000. Kwa kikundi cha watu ishirini pesa hizo si mchezo. Kamati inauliza, "Huu ni mtihani wa nini?" na kijana anajibu kwa maneno ambayo hata mwenyekiti hayashiki. Basi tumeonelea tueleze yale ambayo mtihani wenyewe unayarudia mara kwa mara.

Kwanza ni wingu. Si lile la mvua. Ni majumba makubwa yaliyojaa kompyuta za kampuni fulani, nawe unakodi nguvu yake kwa njia ya intaneti, ukilipia kile ulichotumia, kama vile mtu anavyokodi trekta badala ya kununua lake. Google ina majumba ya namna hii katika nchi nyingi, na mwaka wa 2024 ilifungua huduma hiyo kule Johannesburg, Afrika Kusini.

Neno la pili ni devopsi. Zamani katika kampuni nyingi, wale walioandika programu walikaa upande mmoja, na wale waliozitunza zikiwa kazini walikaa upande mwingine. Wa kwanza walitaka kuleta mabadiliko kila siku, wa pili walitaka kitu kisiguswe kabisa. Programu ikianguka, kila upande unanyooshea mwingine kidole. Devopsi ni mtindo wa kuwafanya hawa wawili wabebe mzigo mmoja. Jina hilo lilienea kutokana na mkutano ulioandaliwa na Patrick Debois mjini Ghent, Ubelgiji, mwaka wa 2009. Lakini ndani ya Google, Ben Treynor Sloss alikuwa ameanzisha kikosi cha kazi ya namna hiyo tangu 2003, nao wakaiita SRE. Mtihani huu umejengwa sana juu ya SRE, kwa hivyo anayeusomea bila kuijua SRE anajisumbua bure.

Herufi tatu tatu

Hapa ndipo wengi huanguka: SLI, SLO na SLA. Hebu tuchukue mradi wa maji, kwa maana kila mmoja wetu anaujua.

Tuseme mwezi huu watu walileta mitungi 1,000 kwenye kioski, na mitungi 990 ikajazwa bila mtu kungoja zaidi ya dakika kumi. Hicho kipimo, yaani 99 kwa kila 100, ndicho SLI. Ni namba tu, haisifu wala hailaumu. Sasa kamati ikikaa na kuamua, "Sisi tunataka mitungi 98 kwa kila 100 ijazwe kwa wakati," hilo lengo ndilo SLO. Ni ahadi ambayo kamati imejiwekea yenyewe. Halafu tuseme shule ya jirani inalipia maji kila mwezi, na mmeandikiana mkataba kwamba kipimo kikishuka chini ya 95 kwa 100, shule itarudishiwa sehemu ya pesa zake. Mkataba huo wenye adhabu ndio SLA.

Angalieni kwamba lengo la ndani, 98, liko juu kuliko la mkataba, 95. Si kwa bahati. Mnataka kengele ilie mapema, kabla shule haijaanza kudai pesa.

Kutoka hapo tunapata neno ambalo kwa maoni yetu ndilo zuri kuliko yote: bajeti ya makosa. Mhandisi akiweka lengo la asilimia 99.9 kwa siku 30, ile sehemu iliyobaki ni dakika 43 hivi. Hizo ndizo dakika ambazo huduma inaruhusiwa kuwa chini mwezi huo. Akiweka 99.99, anabaki na dakika 4 tu, na gharama yake inapanda sana. Mtu atauliza, kwa nini wasilenge asilimia 100? Kwanza, simu ya mteja na mtandao wake hukatika mara nyingi zaidi, hata hangeona tofauti. Pili, asiyetaka kosa hata moja hawezi kubadilisha chochote. Bajeti ikiwa bado ipo, walioandika programu wanaruhusiwa kuleta vitu vipya. Ikiisha, mambo mapya yanasimamishwa hadi huduma itulie. Kwa hivyo ule ugomvi wa zamani unaamuliwa na hesabu, si na yule mwenye sauti kubwa.

Kazi ya sulubu, kanari na kontena

Kuna kazi ambayo Waingereza huiita toil, sisi tungesema sulubu. Lakini si kila kazi ngumu. Ni ile ya kurudia kwa mkono, ambayo mashine ingeweza kuifanya, na ambayo huongezeka kadiri huduma inavyokua bila kuacha faida ya kudumu. Mweka hazina anayenakili majina yale yale kila Jumanne anaielewa vizuri. Desturi ya SRE ni kwamba isichukue zaidi ya nusu ya muda wa mhandisi. Nusu nyingine aitumie kuiondoa au kuboresha huduma.

Kanari ni ndege mdogo ambaye wachimba makaa wa Uingereza walishuka naye mgodini. Hewa ikiwa na sumu, yeye ndiye aliyezimia kwanza. Katika devopsi, toleo jipya la programu hupewa watu wachache kwanza, na wote wakiwa salama linaenea. Mkulima anayejaribu mbegu mpya kwenye kona moja ya shamba amefanya vivyo hivyo. Mambo yakiharibika, wanarudisha toleo la zamani mara moja, nayo huitwa rolibaki.

Kontena ni kifurushi chenye programu pamoja na vyote inavyohitaji, ili ifanye kazi vile vile popote itakapotua. Kontena zikiwa nyingi, yuko wa kuzipanga: Kubernetes, programu iliyotolewa na Google mwaka wa 2014. Jina lake ni Kigiriki, maana yake mshika usukani wa meli.

Neno ambalo tungependa vikundi vyenyewe viliibe ni postimotamu. Huduma ikianguka, baada ya kuiinua wanaandika ilianza saa ngapi, nini kilifanyika, nini kibadilishwe. Sharti lake ni kwamba haitafuti wa kulaumu. Pampu ikiungua, swali si "nani aliiwasha?" bali "kwa nini iliwezekana kuiwasha tangi likiwa tupu?" Tumeona vikundi vikivunjika kwa kuuliza lile swali la kwanza.

Kabla ya kutoa mkopo

Mtihani huchukua saa mbili, una maswali 50 hadi 60 ya kuchagua jibu, na ni wa Kiingereza. Maswali mengi ni ya visa: kampuni fulani imepatwa na hili, wewe ungefanya nini? Kukariri peke yake hakusaidii. Google yenyewe inapendekeza mtu awe na miaka mitatu kazini, mmoja wao akitumia wingu lake, ingawa haikatazi asiyenayo. Cheti kinadumu miaka miwili, kisha kinahitaji kufanywa upya. Anayeanguka anangoja siku 14 kabla ya kurudia, akianguka tena siku 60, na kila mara analipa ada upya. Kwa hivyo kamati ikubaliane mapema kama mkopo ni wa jaribio moja au mawili.

Pia wako watu wanaouza kile wanachokiita majibu ya mtihani. Kuyatumia ni kuvunja masharti, na cheti kinaweza kufutwa huku deni la kikundi likibaki pale pale. Kitabu kiitwacho Site Reliability Engineering, kilichotolewa na wahandisi wa Google mwaka wa 2016, kinasomwa bure kwenye intaneti. Kijana aanze na hicho, kisha asimame mbele ya kikundi aeleze tofauti ya SLO na SLA kwa mfano wa mradi wenu wa maji. Akishindwa, mkopo wake ungoje kikao kijacho.