SWALI MOJA KWA WOTE

 

Leo tutazungumza juu ya kushindana. Mahali ambapo watu wengi wamekusanyika, kushindana hakukosi. Wamama wanashindania zamu ya maji, wababa wanashindania shamba la kulima, vijana wanashindania uwanja wa mpira. Shida si kushindana. Shida ni kushindana bila sheria inayojulikana na wote. Hapo anayekosa anasema: "Wametuonea kwa sababu sisi ni wageni." Mwingine anajibu: "Wageni ndio wametunyang'anya." Maneno hayo yakirudiwa kila siku, mwishowe vijana wanaokota mawe.

Tutatoa mfano wa shindano lenye sheria, shindano la masomo. Wanafunzi wengi wa sekondari katika Kongo wanajua jina la Génies en herbe. Jina hilo lilitoka Kanada, kwenye mchezo wa televisheni ulioonyeshwa toka mwaka 1972 mpaka 1997. Vijana wa shule mbalimbali waliketi mezani, wakaulizwa maswali, mwenye pointi nyingi akashinda.

Lakini mfano tutakaoueleza vizuri ni wa hapa Afrika. Katika nchi ya Ghana, toka mwaka 1993, kuna Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi na Hesabu kwa shule za sekondari. Shule tatu zinakutana, kila moja ikiwa na wanafunzi wawili mbele. Anayeshinda anaendelea, mpaka zibaki shule tatu za mwisho.

Sikilizeni jinsi pointi zinavyohesabiwa, maana humo mna mafundisho.

Katika sehemu ya kwanza, kila shule inaulizwa kwa zamu yake. Ukijibu vizuri unapata pointi 3. Ukikosa, swali linaweza kwenda kwa shule nyingine, nayo ikijibu vizuri inapata pointi 1 tu. Maana yake nini? Unaweza kuokota kitu mahali mwenzako alipoanguka, lakini faida kubwa inatoka katika kazi yako mwenyewe. Anayengoja tu jirani aanguke hatafika mbali.

Sehemu ya pili ni ya mbio. Anayetaka kujibu anapiga kengele. Akijibu vizuri anapata pointi 3, lakini akikosa anaondolewa pointi 1. Kwa hiyo mwenye kusema kabla ya kujua anapata hasara. Laiti ingekuwa hivyo na habari za uongo katika makambi yetu! Mtu anapiga kelele usiku: "Wanakuja kutushambulia!" Hakuona kitu, aliambiwa tu. Watoto wanakimbia porini, kesho hakuna anayemwuliza. Kabla ya kupiga kengele, jiulize: najua, ao nimesikia tu?

Katika sehemu ya tatu, shule zote zinapewa tatizo moja, kwa wakati mmoja. Zina dakika 4 za kuandika, na pointi ni 10. Hakuna swali rahisi kwa mtoto wa mkubwa na swali gumu kwa mtoto wa mkulima. Kiisha kuna sehemu ya kusema kweli ao si kweli, na ya mwisho ni ya mafumbo.

Anayeuliza maswali ni nani? Toka mwanzo, kazi hiyo imeshikwa na wanawake wenye elimu kubwa. Wa kwanza alikuwa Profesa Marian Ewurama Addy. Alifuatwa na Eureka Adomako, na kuanzia mwaka 2006 Elsie Effah Kaufmann. Wakubwa wetu, mkitafuta mwamuzi ambaye pande zote zitamwamini, msiwasahau wamama.

Na anayeshindwa? Ana mwaka mwingine. Shule ya Prempeh College ilitwaa kombe mwaka 1994. Shule ya PRESEC ya Legon ilishinda mwaka 2009, kisha ikakaa miaka 11 bila kombe, mpaka 2020. Ilishinda tena 2022 na 2023, ikafikisha makombe 8. Ushindani wa shule hizo ni mkali, lakini dawa ya kushindwa ni kurudi kwenye daftari.

Turudi kwetu. Kijana aliyekatishwa masomo na vita anashinda siku nzima bila kazi. Mwenye bunduki anayatafuta macho ya namna hiyo. Shindano la masomo halitajenga shule, wala halitamrudisha mtu shambani kwake. Lakini linamwambia kijana kwamba akili yake bado inahitajiwa.

Kulianzisha hakuhitaji feza nyingi. Tafuteni walimu wawili, mmoja wa waliohama na mmoja wa wenyeji. Waandike maswali na majibu pamoja, wayafunge katika bahasha. Chupa na kijiko vitakuwa kengele. Someni sheria mbele ya watu wote kabla ya kuanza. Na jambo kubwa ni hili: msiweke waliohama upande mmoja na wenyeji upande mwingine. Katika kila timu ya watu wawili, mmoja awe wa kambi na mwingine wa kijiji. Hapo atakayeshangilia mtoto wake atamshangilia na mtoto wa jirani.

Baada ya kipindi hiki, ongeeni pamoja juu ya maswali haya:

1. Kwetu, watu wanashindania nini? Sheria yake inajulikana na wote?
2. Ni nani ambaye pande zote mbili zingekubali awe mwamuzi?
3. Wiki hii, ni habari gani tuliyoitangaza bila kuijua?

 Amani ikae nyumbani mwenu, hata kama nyumba hiyo leo ni ya hema.